Sindano Zile Zile, Kazi Nyingine: Mjadala wa Wafumaji

Hoja ni hii: mtu anayefuma kwa kupenda, asiye na oda ya shule wala mshahara wa kiwanda, ashike kazi anayoiweza mpaka iive, au ajitose kwenye kazi asiyoiweza bado? Wazungumzaji ni watatu, nami nimewapa majina ya nafasi zao. Shangazi ni mfumaji wa siku nyingi katika nyanda za Njombe, ambako mwezi wa Juni na Julai mtoto mchanga hatolewi nje bila sweta, kofia na soksi. Mpwa wake alijifunzia magotini pake, na sasa anaendelea kujifunza kwa video na vitabu. Muuza Nyuzi ana kibanda chake sokoni na anawajua wote wawili. Nitaingia kati pale nitakaposhindwa kunyamaza, na naweka wazi mapema kwamba nina upande.

MPWA: Shikamoo, shangazi.

SHANGAZI: Marahaba, mwanangu. Karibu ukae. Hilo begi si lile la mwaka jana?

MPWA: Ndilo. Kazi zimeongezeka tu.

SHANGAZI: Nionyeshe iliyoisha.

MPWA: Iliyoisha ni skafu. Hii ni kofia, imefika nusu. Hili lilikuwa liwe sweta langu. Na huu ni mtandio wa matundumatundu, nimefika mstari wa arobaini.

SHANGAZI: Unaona sasa. Mshika mbili moja humponyoka, na wewe umeshika tatu. Mimi nina sweta moja, la mtoto, lenye vifungo mbele. Nilifundishwa na mwalimu wa sayansi kimu, na tangu hapo nimelifuma hadi mikono inalijua kuliko mimi. Nalifuma nikiuza mboga, nalifuma garini, nalifuma msibani huku naongea na watu. Kitanzi kikitoka sindanoni nakihisi kabla sijakiona. Huwezi kufika hapo kwa kurukaruka. Ukijifunza msokoto leo na kesho ukaukimbilia mtandio, mkono wako utakuwa mgeni kila mahali.

MPWA: Lakini hapo ulipofika, ulifikaje? Sweta la kwanza nalo lilikuwa jipya kwako. Mwalimu asingekupa kazi usiyoijua, ungebaki na kile kitambaa cha mraba cha mwanafunzi wa wiki ya kwanza. Nikirudia kazi ile ile, mkono unakwenda wenyewe na akili inalala. Nilipojaribu msokoto, nikatakiwa niweke vitanzi vitatu kwenye sindano ndogo ya pembeni, nifume vitatu vinavyofuata, kisha nirudi kwa vile vya kwanza, ndipo nilipoelewa kwamba kitambaa chote hiki ni vitanzi vinavyoshikana, na kwamba naweza kuvipanga nipendavyo. Skafu yangu ndefu haikunifundisha hilo.

Namtetea Shangazi kidogo hapa, ingawa siko upande wake. Mkono unaofuma bila kutazama ni elimu kamili. Wanawake wa visiwa vya Shetland, kaskazini mwa Uskoti, walikuwa wakifuma wakiwa njiani na kikapu cha mboji ya kuwashia moto mgongoni, kama vile wanawake wa Ukambani na Ugikuyuni walivyosuka viondo huku wakitembea. Hakuna aliyefika hapo kwa kuonja tu. Marudio ndiyo yanayoutoa mkono kwenye hesabu na kuiachia akili nafasi. Swali ni nafasi hiyo itumike kwa nini.

MUUZA NYUZI: Mimi naongea kama mfanyabiashara. Mpwa ni mteja mzuri, kila mwezi anakuja na wazo jipya, na duka langu linapenda mawazo mapya. Lakini namwonea huruma. Kila donge la uzi lina karatasi, na kwenye karatasi kuna namba ya rangi na namba ya bechi. Bechi ni uzi uliotiwa rangi kwa mkupuo mmoja. Anachukua madonge mawili ya sweta linalohitaji sita, anasema mengine atafuata. Anarudi baada ya muda mrefu, rangi ipo, bechi ile imekwisha. Ukiweka madonge hayo kaunta utasema ni mamoja. Yafume pamoja utaona mstari umekatiza kifuani. Hapo kazi inarudi begini.

MPWA: Hilo la bechi nimelijua kwa gharama yangu. Na hilo ni somo.

SHANGAZI: Ni somo ghali. Na hilo sweta lenyewe, kilichokuangusha ni uzi tu?

MPWA: Hapana, shangazi. Limekuwa dogo. Karatasi ya maelekezo ilisema vitanzi 180, nikaanzisha vitanzi 180, nikahesabu mara mbili. Likatoka la mdogo wangu.

SHANGAZI: Ulifuma kipande cha majaribio kwanza?

MPWA: Nilikuwa na hamu ya kuanza.

Kila anayeanza kazi mpya kwa hamu hukwama mahali hapa, kwa hiyo ninaomba tukae hapo kidogo. Aliyeandika maelekezo alikuwa anapata vitanzi 20 katika sentimita 10. Kifua cha sentimita 90 kwake ni vitanzi 180, hesabu safi. Mpwa anakaza uzi zaidi na anapata vitanzi 22 katika sentimita 10 zile zile. Vitanzi vyake 180 vinampa chini kidogo ya sentimita 82. Tofauti ya vitanzi viwili, ambayo jicho halioni kwenye kipande kidogo, inameza sentimita nane kwenye kifua kizima. Hakukosea kuhesabu. Alifuma kwa mkono wake akitumia hesabu ya mkono wa mtu mwingine.

Kipande cha majaribio ndiyo shule ya bei ndogo kuliko zote katika ufumaji. Fuma mraba wa sentimita 15 hivi, ufue kama utakavyolifua vazi, ukaushe kwa kuulaza, kisha upime katikati, mbali na kingo. Ukilegea, badilisha sindano uchukue nyembamba zaidi. Ukikaza, chukua nene. Mwenye kufuma kitu kile kile kwa uzi ule ule hahitaji kupima kila mara, na ndiyo maana wakongwe wengi wanakiona kipande hicho kama kupoteza uzi. Mwenye kujaribu vipya hana njia nyingine.

MPWA: Baada ya hapo nikamsoma mama mmoja aliyenifungua macho. Anaitwa Elizabeth Zimmermann, Mwingereza aliyehamia Marekani. Alizaliwa 1910 akafariki 1999, na mwaka 1971 alitoa kitabu kiitwacho Knitting Without Tears. Yeye hakutaka mfumaji awe mtumwa wa karatasi. Alisema pima mkono wako, pata idadi ya vitanzi vya kifua, hiyo iwe mia kwa mia. Vipimo vingine vyote vitoke hapo. Kifundo cha mkono ni asilimia 20, sehemu ya juu ya mkono ni kama theluthi moja, shingo ni asilimia 40. Kwa vitanzi 180 basi unaanza mkono na 36, unaongeza mpaka 60, na shingo unabakiza 72.

SHANGAZI: Theluthi ya kifua ndiyo mkono? Hiyo naijua siku zote. Mimi napima kwa shubiri. Lakini sikujua kwamba inatumika hata kwa mtu mzima.

MPWA: Kwa hiyo ulikuwa na kanuni mkononi, ila ulikuwa unaifumia mtoto tu.

SHANGAZI: Usinishinde haraka hivyo. Huyo mama angekuwa na mianzo mitatu begini asingeandika kitabu.

Ni kweli, na hapa nakubaliana na Shangazi kwa moyo wote. Sehemu kubwa ya elimu ya kufuma inakaa mwishoni mwa kazi: kuunganisha mabega bila kovu, kuokota vitanzi kwenye ukingo wa shingo kwa idadi isiyovuta wala kulegea, kuficha mikia ya nyuzi, kulifua vazi na kulilaza likiwa katika umbo lake. Anayeanza kazi kumi na kuziacha njiani amejifunza kuanzisha vitanzi mara kumi. Siwezi kuita hilo kujaribu. Kazi mpya ina haki ya kuachwa pale tu inapokuwa imefumuliwa na uzi kurudishwa kwenye donge, ili mwenye nao awe huru kuuanzia kitu kingine. Ile inayolala begini miaka haijaachwa wala haiendelei.

MUUZA NYUZI: Mimi nina swali jingine. Hizi kazi mpya zote zinatoka Ulaya. Juzi Mpwa ameniambia kuna watu wanafuma sweta zima kisha wanalikata kwa mkasi. Kwa nini tuhangaike na mambo ya Wazungu?

SHANGAZI: Wanalikata kwa mkasi?

MPWA: Ndiyo, shangazi, huko huko Shetland na kisiwa jirani cha Fair Isle. Wanafuma maua ya rangi mbili katika kila mstari. Ukigeuza kazi ukafuma kwa nyuma, ua hulioni vizuri na ni rahisi kukosea. Kwa hiyo wanafuma mzunguko, kama bomba, upande mzuri ukiwatazama muda wote. Wanaacha vitanzi vichache vya ziada pale ambapo mikono itaingia au kifua kitafunguka, na mwishoni wanakata katikati ya vitanzi hivyo.

SHANGAZI: Na havifumuki?

MUUZA NYUZI: Kwa uzi ninaouza mimi, vitafumuka. Wao wanatumia sufu ya kondoo wao, na sufu ina magamba madogo yanayong'ang'aniana. Hapa kibandani nyuzi nyingi ni akriliki. Akriliki ni nzuri kwa mtoto: unaifua, haisinyai kwa maji ya moto kama sufu, na bei yake inashikika. Lakini inateleza. Ikatwe na mkasi uone. Na pasi isiiguse, inalala bapa na hairudi tena.

SHANGAZI: Kama inateleza, piga mishono miwili ya cherehani, mmoja kila upande, kisha kata katikati. Hata kitambaa kinachochanika ndivyo tunavyokizuia.

MPWA: Shangazi! Ndivyo wengi wanavyofanya hata kwa sufu.

SHANGAZI: Sikujua. Nimefikiri tu. Lakini ujaribu kwenye kipande, usiguse sweta langu.

Kuhusu hoja ya mambo ya Wazungu, nasema bila kusita kwamba haina mizizi. Miongoni mwa vipande vya kale kabisa vya ufumaji wa aina hii vilivyobaki ni soksi za pamba zilizopatikana Misri, nyeupe na bluu ya nili, zenye umri wa karne nyingi, na baadhi yake zimepambwa kwa michoro ya herufi za Kiarabu za Kikufi. Ufundi huu ulitembea barani Afrika kabla ya kusifiwa Uskoti. Na anayedhani ni kazi ya wanawake peke yao akitazame kisiwa cha Taquile katika ziwa Titicaca nchini Peru, ambako wanaume ndio wanaofuma kofia na wavulana hufundishwa wakiwa wadogo. Ufundi wa nguo wa kisiwa hicho umo katika orodha ya urithi ya UNESCO. Muuza Nyuzi, ambaye hufunga madonge kutwa nzima, angeweza naye kushika sindano.

MUUZA NYUZI: Nimesikia. Tuendelee.

SHANGAZI: Nitakubali jambo moja likinisaidia kwenye kazi yangu. Sio maua, sio mkasi. Sweta la mtoto. Nionyeshe kitu kimoja kipya ambacho kitalifanya sweta langu liwe bora kuliko lilivyo.

MPWA: Lina tatizo gani?

SHANGAZI: Halina tatizo. (Ananyamaza kidogo.) Shingo. Mbele hupanda mpaka kidevuni, mtoto anakosa raha. Nikiipanua, inalegea na baridi inaingia mgongoni. Nimezoea, na akina mama wamezoea.

MPWA: Mbele na nyuma unafuma urefu sawa?

SHANGAZI: Sawa kabisa.

MPWA: Shingo ya mtu haiko hivyo, shangazi. Nyuma iko juu, mbele iko chini. Nyuma panahitaji kitambaa zaidi. Na njia ya kukiongeza nimeijua kwa kufuma kisigino cha soksi.

Ningependa msomaji aelewe kisigino hicho, maana hoja yangu nzima imesimama juu yake. Soksi ya mtu mzima kwa uzi mwembamba huwa na vitanzi kama 64 kwa mzunguko. Ukifika kwenye kifundo unachukua nusu, vitanzi 32, unafuma kipande cha bapa kinachoshuka nyuma ya mguu. Halafu bapa lazima ligeuke kuwa kikombe. Unafuma mpaka kupita katikati kidogo, unapunguza kitanzi, kisha unaigeuza kazi ingawa sindano bado ina vitanzi visivyofumwa. Unarudi, unapita katikati kidogo, unapunguza, unageuza tena. Kila safari inafika mbali kidogo kuliko iliyotangulia. Katikati panapata mistari mingi, pembeni michache, na kitambaa kinajikunja chenyewe kikafuata umbo la kisigino bila mshono wala kukata. Mtu anayeliona jambo hilo kwa mara ya kwanza likitokea mkononi mwake hulikumbuka.

Mstari unaogeuka kabla ya mwisho ndiyo siri yote. Ukishauelewa kwenye kisigino unaweza kuuweka popote unapotaka kitambaa kiwe kirefu upande mmoja. Kwenye sweta, unafuma mgongoni peke yake mistari michache ya namna hiyo chini ya shingo, na nyuma panapanda sentimita mbili hivi huku mbele pakibaki chini. Panapogeuzwa huachwa tundu dogo. Unalizuia kwa kuzungusha uzi kwenye kitanzi kinachofuata kabla ya kugeuka, na baadaye unaufuma uzi huo pamoja na kitanzi chake.

Ndiyo maana niko upande wa Mpwa. Hakuna aliyemwambia Shangazi ajifunze soksi ili atengeneze shingo. Asingeziona zikihusiana. Mtu hawezi kujua mapema ni kazi ipi ngeni itakayomtatulia shida ya kazi yake ya kila siku, na anayengoja kujua manufaa kwanza hataanza kamwe. Ninachoomba kwa mjaribu ni kwamba achague kazi yenye jambo moja geni, siyo matatu. Mtandio wa Mpwa ulikuwa na uzi mwembamba asiouzoea, mchoro wa alama asiojua kuusoma, na matundu ya kupunguza na kuongeza vitanzi, vyote kwa mpigo. Ukikosea hapo hujui ni kipi kilichokosea. Soksi ya uzi alioujua ilimpa kisigino peke yake, akakimudu.

MUUZA NYUZI: Sawa. Lakini soksi hizo atauza shilingi ngapi? Mtumbani jozi ni bei ya chai. Yeye anakaa nazo jioni kwa jioni. Hakuna mtu atakayelipa hizo jioni.

MPWA: Siuzi.

MUUZA NYUZI: Basi ni hasara.

Hili ndilo linalonikera zaidi katika mjadala huu. Kwetu, mkono ukishashika sindano tu, watu wanauliza atauza lini. Kijana anayecheza mpira uwanjani jioni haulizwi tiketi zinauzwa bei gani. Mfumaji anaulizwa, na kwa sababu anaulizwa, anaanza kufuma kile kinachouzika: sweta lile lile, rangi zile zile, kwa haraka zaidi. Najua uzi una bei na maisha ni magumu. Hata hivyo anayefuma kwa ajili ya soko pekee hawezi kujaribu, kwa sababu kila jaribio linaloshindikana linatoka kwenye pesa ya unga. Kupenda kazi bila kuiuza ndiko kunakompa mtu ruhusa ya kufumua.

SHANGAZI: Sasa umenigusa, na nitasema. Mnadhani nilishika sweta moja kwa sababu siwezi kingine? Uzi wangu ulikuwa ada ya shule. Donge likiharibika, daftari la mtoto limeharibika. Nilikuwa naona wenzangu wamefuma makoti yenye misokoto, nikatamani, nikaacha. Nilichokuwa nakiweza ndicho kilichokuwa kinalipa. Huyu Mpwa ananiona mgumu wa kujifunza. Mimi sikuwa na nafasi ya kukosea.

MPWA: Sikujua, shangazi. Hukuwahi kusema.

SHANGAZI: Nani alikuwa anauliza? Watoto wamemaliza shule sasa.

MUUZA NYUZI: Mama, nisamehe. Neno hasara nimelirudisha mfukoni.

SHANGAZI: Usiniombe msamaha wewe, nipe bei. Hizo soksi zinafumwa kwa sindano ngapi?

MPWA: Tano, zenye ncha pande zote mbili. Nne zinabeba vitanzi, ya tano inafuma. Tuanze na ya mtu mzima?

SHANGAZI: Ya mtoto. Vitanzi 32, uzi nilioufumia siku zote, wa sweta. Umesema mwenyewe jambo geni liwe moja.

MPWA: Hilo lilisemwa na mwandishi.

SHANGAZI: Basi alisema vizuri. Na karatasi usiniletee. Utakaa hapa, utafuma cha kwako polepole, mimi nifuate mkono wako. Wewe nawe utaleta ule mtandio, tuufumue leo leo, ule uzi mwembamba tuuone unafaa nini.

MPWA: Mistari arobaini, shangazi!

SHANGAZI: Uliyoifuma bila kuisoma. Muuza Nyuzi, madonge mawili, bechi moja, tena rangi nyepesi. Nyeusi inaficha vitanzi, na hicho kisigino nataka nikione kinavyogeuka.